Swali la mpwa wangu na setilaiti iliyoitwa Uhuru

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayesoma kidato cha tatu hapa Moshi, alirudi nyumbani amenyong'onyea. Alikuwa ameuliza darasani wanasayansi wanajuaje nyota iliyolipuka zamani ilikuwa na nini ndani yake, akajibiwa mbele ya wenzake kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na hayatoki kwenye mtihani. Najua mwalimu ana wanafunzi wengi na muhtasari wa kumaliza, lakini kauli ile imeniuma, tena si ya kweli.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, Wamarekani walioiunda waliipa jina la Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mtoto anayeambiwa kwamba elimu hii si yake ananyang'anywa kitu kilichokwisha kuitwa kwa lugha ya mama yake. Hata nyota iliyolipuka Februari 1987 ikaonekana kwa macho matupu ilikuwa katika anga la kusini, ambalo sisi huku tunaliona na watu wa Ulaya hawalioni.

Jioni ile nilitoa filamu ya eksirei ya mkono wa babu yake, aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi, nikaishikilia dirishani. Nilimweleza kwamba hospitalini mashine ndiyo hutoa miale, ilhali angani mabaki ya nyota hung'aa yenyewe, kwa sababu mshindo wa mlipuko huipasha gesi joto la mamilioni ya nyuzi, na kila elementi hutoa eksirei za nishati yake, kama mtu anavyotambulika kwa hodi yake kabla hujafungua mlango. Angahewa huizuia miale hiyo, ndiyo maana darubini lazima ipelekwe juu. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, imetambua silikoni, salfa, kalsiamu na chuma katika mabaki ya nyota iliyolipuka yaitwayo Cassiopeia A, yaliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 11,000. Chuma peke yake kinakadiriwa kuwa na uzito wa dunia yetu mara 70,000.

Aliposikia hivyo alikwenda jikoni, akarudi na panga la bibi yake, akaligeuzageuza mkononi.

“Mjomba, na hiki je?”

Nikamwambia kwamba chuma hicho nacho kilitokana na nyota zilizolipuka kabla dunia haijakuwapo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata ubapa wa panga hadi kwenye mpini.

Jumatatu ninakwenda shuleni kwao na filamu ile, kumwomba mwalimu anipe nusu ya kipindi.