Kikwembe ni vazi la kazi pia

Juzi mlinzi wa ofisi moja hapa Lubumbashi alimrudisha mlangoni dada wa mtaani kwetu Katuba aliyekwenda kuomba kazi ya uhasibu. Kosa lake kikwembe, yaani kitenge. Kilikuwa kimepigwa pasi, libaya, blauzi yake, limemkaa sawasawa, nywele zimesukwa. Akaambiwa arudi amevaa "kama mtu wa ofisi". Hasira haijanitoka mpaka leo.

Angekivaa Jumapili kanisani, wangempa kiti cha mbele. Kwenye harusi ukoo mzima unashona kitambaa kimoja. Na tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wakubwa wa ofisi hizohizo wanapiga picha na akina mama waliovaa vikwembe vya sare. Kesho yake heshima ya nguo ile inakwenda wapi?

Wazee wetu wanajua jinsi heshima hii inavyoamuliwa kutoka juu. Miaka ya 1970 Rais Mobutu alikataza suti na tai, wanaume wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai. Wanawake wakanyimwa suruali, kikwembe kikawa ndicho vazi rasmi. Tarehe 24 Aprili 1990, siku aliyotangaza vyama vingi, tai zikaruhusiwa tena, ingawa yeye alibaki na abakosti yake. Wafanyakazi walikuwa walewale. Hakuna aliyejua hesabu zaidi kwa kuwa amefunga tai.

Mimi kikwembe nakivaa kila mahali, ila si kwa namna moja. Nyumbani nakifunga kiunoni juu ya fulana, nafua, napika. Cha kazini nampelekea fundi: yadi 6 zinatoa sketi iliyonyooka na koti fupi lenye kola, na kipande kinabaki cha kilemba. Rangi nachagua iliyotulia. Mkono wa fundi ndio unaotenganisha nguo ya uani na nguo ya mkutano.

Haya, mgodini vaeni ovaroli na buti, hapo sibishani. Na kikwembe cha kufunga ovyo kibaki nyumbani.

Lakini kumlazimisha msichana asiye na mshahara atafute suti, tena avae koti zito kwenye joto la Oktoba, ni kumfungia mlango kabla hamjasoma barua yake. Wakubwa, andikeni mlangoni kwamba mnataka nguo safi na nadhifu, basi. Na huyo dada muiteni tena, mumuulize hesabu.