Huzuni ya mmisionari wa wiki mbili

Siku hizi ni rahisi kumcheka Mkristo aliyekwenda nchi ya mbali kwa wiki mbili, akapaka ukuta rangi, akaimba na watoto, kisha akarudi akishuhudia kwamba maisha yake yamebadilika. Wanaomcheka wana hoja, tena nzito. Tatizo ni kwamba wanachanganya mambo mawili: safari yenyewe, ambayo inastahili kuhojiwa, na maumivu anayorudi nayo, ambayo sioni kama ni maigizo.

Hoja yao kuu inatoka Honduras. Baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, vikundi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilimiminika huko kujenga nyumba. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek alilichunguza jambo hilo, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2006 bado yanawakosesha watu usingizi. Nyumba moja iligharimu dola 2,000 hivi. Kikundi kimoja kilitumia takriban dola 30,000 kwa safari. Familia zilizojengewa na wageni hazikuwa na tofauti ya maana na zile zilizojengewa na Wahonduras wenzao. Waliosafiri, nao, wengi walisema sasa wanatoa sadaka zaidi. Rekodi za michango zilipoangaliwa, ongezeko lilikuwa dogo mno.

Hilo la mwisho ndilo hutajwa kila mara kama ushahidi wa unafiki. Mimi nalisoma vingine. Mtu anayejaza dodoso akisema anatoa zaidi, na kumbe hatoi, si lazima awe mwongo. Huenda anaikumbuka nia yake vizuri kuliko anavyoyakumbuka matendo yake. Usiku ule wa mwisho, kikundi kikiwa kimeshikana mikono katika maombi, alimwahidi Mungu jambo, na alilimaanisha. Kisha akarudi kazini, bili zikawa zilezile, na hakuna aliyemwuliza miezi mitatu baadaye: ile ahadi imefikia wapi? Mpaka dodoso linamfikia, ahadi imekwisha kugeuka kumbukumbu ya jambo alilolitenda. Ver Beek mwenyewe hakuishia kwenye kejeli. Alisisitiza kwamba bila maandalizi kabla ya safari na ufuatiliaji baada yake, mabadiliko hayadumu. Nusu hii ya kazi yake wanaoinukuu huiruka.

Upo pia ugumu unaotokana na namna safari fupi ilivyo. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza mshtuko wa utamaduni kwa hatua: mgeni huanza kwa kupendezwa na kila kitu, kama fungate, baadaye hukereka, na mwishowe huzoea. Fungate hiyo yaweza kuchukua siku kadhaa au hata miezi sita. Mmisionari wa wiki mbili, basi, mara nyingi anapanda ndege kabla haijaisha. Hakupata nafasi ya kukerwa na wenyeji wake, kugombana nao, wala kuwajua kama watu wa kawaida wenye wivu na vichekesho vyao. Ukali wote unamsubiri nyumbani. Anaanza kumkaripia mkewe kwa chakula kinachotupwa, anaona ibada ya Jumapili ni baridi, anaudhika na nguo zilizojaa kabatini mwake. Jamaa wanasema amerudi na kiburi cha kiroho. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi ni mtu aliyeona jambo na hajui aliweke wapi, na ushuhuda wa dakika tano madhabahuni, pamoja na picha chache, haukumsaidia kulitua.

Wenyeji nao wana mioyo, na hapa ndipo utetezi wangu unapopungua nguvu. Mtoto wa kituo cha yatima anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kumning'inia shingoni humliza mgeni huyo kwa furaha. Wataalamu wa malezi huona dalili nyingine: mtoto aliyeachwa mara nyingi mno hata hachagui tena wa kumkumbatia. Kikundi kikiondoka, kingine kinaingia, naye anaachwa upya. Kwa kituo cha namna hiyo, huzuni ya mgeni haiwezi kuhalalisha ziara hata moja.

Kwingineko, sipigi safari hizi marufuku. Ninachotaka ni kanisa linalochangisha nauli lipange pia vikao vya kumsikiliza aliyerudi, mwezi hadi mwezi kwa nusu mwaka, na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumwuliza habari za ahadi yake, hata za pesa zake. Vikao hivyo havihitaji tiketi. Kanisa lisiloweza kuahidi hilo lizitume tu zile dola 30,000 kwa mafundi wa huko. Kwa bei ya Honduras ya wakati ule, ni nyumba 15.