Hesabu ya MV Liemba haiishii kwenye tiketi

Kila ukarabati wa MV Liemba unapotajwa, swali lilelile linarudi: kwa nini serikali imwage mabilioni kwenye meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakati lami imeshafika bandari ya Kasanga mkoani Rukwa na maboti ya watu binafsi yapo tele Ziwa Tanganyika? Wanaouliza wana sababu. Kampuni yenye meli hiyo, MSCL (Marine Services Company Limited) ambayo siku hizi ni TASHICO, ilitokana na kitengo cha meli cha Shirika la Reli mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya meli ya abiria MV Bukoba kuzama Ziwa Victoria, ikarithi vyombo vilivyochoka na imani ya abiria iliyovunjika. Liemba yenyewe ilisimama mwaka 2018, na mkataba wa kuikarabati ukaja kusainiwa Novemba 2023. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kukaa muda huo wote bila chombo chake kuingiza hata shilingi.

Watetezi wake nao wameiponza. Wamezoea kusimulia jinsi Wajerumani walivyoizamisha mwaka 1916 na Waingereza wakaiibua mwaka 1924, utadhani tunabishania kitu cha makumbusho. Mtu akikuomba kodi yako kwa sababu ya kumbukumbu, una haki ya kumkatalia.

Hoja ya maana iko katikati ya safari, baina ya Kigoma na Mpulungu ya Zambia. Lami ya Sumbawanga inafika Kasanga na kuishia hapo, haifuati ufukwe. Kabla haijasimama, Liemba ilipofika mbele ya kijiji kisicho na gati ilipiga honi na kusimama majini. Mitumbwi iliikimbilia na kung'ang'ania ubavuni. Magunia ya dagaa yalipandishwa kwa mikono, na mama aliyeshuka alimtanguliza mtoto kwa mtu aliyesimama kwenye mtumbwi unaoyumba, kisha naye akafuata. Kwa mhasibu, hayo ni mafuta yanayoungua kwa ajili ya abiria wachache. Mwenye boti hana sababu ya kufuata ratiba kule. Akikosa mzigo hatoki, akiupata anajaza mpaka maji yanakaribia ukingo. Simlaumu, anaishi kwa mzigo huo.

Lakini linalonisumbua zaidi ni Kagunga. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walirundikana kwenye kijiji hicho kidogo mpakani, milima nyuma yao na ziwa mbele. Kipindupindu kikaingia na watu wakaanza kufa. Njia ya kuwatoa wengi kwa pamoja ilikuwa maji. Liemba ilitia nanga mbali kidogo na ufukwe, mitumbwi ikawaleta, ikawachukua kama 600 kwa safari hadi Kigoma, ikageuza, ikarudi tena. Ilikuwa imeshafanya kazi ya namna hiyo mwaka 1997, ilipowarudisha makwao wakimbizi wa Congo. Ni kweli mashirika ya kimataifa yaliikodi kwa kazi hiyo. Ila nani alilipia miaka yote ya kabla ya hapo, ambayo meli ilibaki hai na mabaharia wake wakiendelea kuujua ufukwe ule? Gharama hiyo iliandikwa kuwa hasara ya kampuni. Kama serikali ingewasikiliza wanaotaka meli isimamishwe, siku ile pasingekuwa na cha kukodi.

Kwa hiyo sikubali kwamba hasara hiyo ni uzembe mtupu, ingawa uzembe umekuwepo, na hakuna anayeweza kutetea meli kukaa miaka bila matengenezo. Tatizo ni kuchanganya biashara na huduma kwenye kapu moja. Meli mpya ya mizigo ya tani 3,500 iliyopangwa kujengwa kwa ajili ya soko la Congo ijilipie yenyewe, na isipojilipia wakurugenzi waulizwe. Vituo vya vijijini viwekewe mkataba wa peke yake: serikali iilipe kampuni kwa kila kituo ilichofika kwa wakati, na isilipe hata senti pale isipofika. Mkosoaji atapata takwimu anayoidai kila mwaka, na mgonjwa wa kijiji cha Kalya mwenye rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya mkoa mjini Kigoma, atajua aende ufukweni siku gani.