Aktiki: Waliisusia Moscow, wakapoteza nusu ya ramani

Machi 3, 2022, wiki moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi saba kati ya nane za Baraza la Aktiki, chombo cha ushirikiano wa nchi zinazoizunguka Ncha ya Kaskazini, zilitangaza kususia vikao vyake. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Urusi yenyewe. Kanada, Denmark, Finland, Iceland, Marekani, Norway na Sweden hazikuwa tayari kwenda kukirimiwa na serikali iliyokuwa ikimmiminia jirani yake makombora. Mjadala ulioanza siku ile bado haujaisha: walisusia vita, au walisusia barafu?

Wanaolaumu uamuzi ule huanzia Ottawa, mwaka 1996, baraza lilipoundwa. Azimio la kuliunda linasema wazi kwamba lisijihusishe na masuala ya usalama wa kijeshi. Kazi yake ni mazingira na maisha ya watu wa kaskazini, na jumuiya sita za wenyeji wa asili, wakiwemo Wainuit na Wasami, zina viti vya kudumu humo. Hazipigi kura, lakini lazima zishauriwe. Chini ya mwavuli huo nchi nane zilitia saini mikataba mitatu: ya uokoaji mwaka 2011, ya umwagikaji wa mafuta mwaka 2013 na ya ushirikiano wa kisayansi mwaka 2017. Hata Urusi ilipoitwaa Crimea, rasi ya Ukraine, mwaka 2014, baraza halikuvunjika.

Hoja yao kubwa ni ramani. Karibu nusu ya pwani yote ya Aktiki ni ya Urusi, na Aktiki nzima imekuwa ikipata joto takriban mara nne ya kasi ya dunia kwa ujumla tangu mwaka 1979. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoganda, ile inayohifadhi kaboni ya maelfu ya miaka, iko Siberia. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kwamba ukiondoa vituo vya Urusi, vipimo vinavyobaki vinatoa picha iliyopinda ya Aktiki nzima. Hilo si la wazungu wa kaskazini peke yao. Barafu ya Greenland inapoyeyuka, mvuto wake kwa bahari iliyo jirani hupungua, kwa hiyo maji hupanda zaidi mbali nayo, hadi kwenye bahari za tropiki, kuliko kando yake. Lamu imo katika hesabu hiyo, ingawa kati ya nchi 13 zenye hadhi ya mwangalizi barazani hakuna hata moja ya Afrika. Singapore imo tangu 2013.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Baraza huamua kwa kauli moja. Kauli moja na nani, na juu ya nini, wakati mmoja wa wajumbe anafuta mipaka kwa vifaru? Isitoshe, jeshi la Urusi liko huko huko kaskazini: nyambizi zake nyingi za nyuklia zina makao rasi ya Kola. Na wanaosema "tuwafikirie wenyeji wa asili" wakumbuke kwamba jumuiya inayowawakilisha wenyeji wa Urusi barazani ilitoa tamko la kuunga mkono vita ndani ya siku chache tu. Sauti iliyosikika pale ilikuwa ya Kremlin. Finland na Sweden zilipojiunga na NATO, mwaka 2023 na 2024, meza ilibaki na saba upande mmoja na mmoja upande wa pili.

Kwangu mimi jibu liko kwa samaki. Norway ni mwanachama wa NATO na inaipa Ukraine silaha, lakini kila mwaka imeendelea kukubaliana na Urusi mgawo wa samaki aina ya cod katika Bahari ya Barents, kama ilivyofanya tangu miaka ya 1970. Vivyo hivyo mkataba wa 2018 unaozuia uvuvi wa kibiashara katikati ya Bahari ya Aktiki, eneo la kilomita za mraba milioni 2.8, unaendelea kuzikutanisha Urusi, China, Marekani na Umoja wa Ulaya. Hakuna aliyedai kwamba kuhesabu samaki na Mrusi ni kuibariki vita. Samaki hana pasipoti, na kila mmoja anajua hasara yake.

Ndiyo maana naona mawaziri walikuwa na haki ya kususia, lakini vikundi vya kazi vya baraza, ambamo wataalamu hufanya utafiti, havikustahili kufungiwa muda mrefu vile. Vilianza tena kwa maandishi mwaka 2023, kisha kwa mtandao mwaka 2024. Wakati huo Moscow nayo ilikuwa imechukia: ilijitoa katika Baraza la Barents, jukwaa jingine la ushirikiano wa kaskazini mwa Ulaya, Septemba 2023, na Februari 2024 ikasitisha mchango wake wa kila mwaka kwa Baraza la Aktiki.

Kuna jambo linalowatia kigugumizi watetezi wa kususia. Mei 2025 Denmark ilipokea uenyekiti, Greenland, kisiwa kilicho chini yake, ikiwa mstari wa mbele, na nchi zote nane zikaridhia tamko la pamoja. Mwaka huo huo Rais Donald Trump alikuwa akirudia kwamba anaitaka Greenland, bila kukanusha kwamba angeweza kutumia nguvu. Maneno si uvamizi, na kuyaweka pamoja na mabomu yanayoangukia Kharkiv, mji wa Ukraine, ni upotoshaji. Lakini kama kanuni ni kutoketi na anayekodolea macho ardhi ya mwenzake, Copenhagen ingelazimika kumtoa mjumbe wa pili, yaani Marekani. Haikufanya hivyo, iliketi naye, na vikundi vya kazi vikaendelea kukutana.