Ada Nimelipa, Mafua ni Nyongeza

Kama umewahi kupita Majengo, hapahapa Dodoma, ukasikia fundi cherehani anapiga chafya tatu mfululizo halafu anamwomba radhi mteja, ujue ndiye mimi. Usinipe pole. Kaa hapo kwenye benchi, sogeza hilo gauni la watu, nikueleze.

Januari nilimpeleka kijana wangu chekechea. Ana miaka mitatu na nusu, wamemweka kwenye darasa lile wanaloliita beibi klasi. Jina lake Mazengo. Mama mkwe wangu ni mtu wa Mvumi, na Mvumi ndiko alikotawala Mtemi Mazengo, kwa hiyo mtoto alipozaliwa jina halikujadiliwa, lilitangazwa. Tangu azaliwe mpaka anafikisha miaka mitatu, mtemi huyu aliugua mara mbili tu, na moja kati ya hizo ni kwa sababu alikula sabuni.

Shule wakanipa orodha ya mahitaji. Daftari, sawa. Penseli, sawa. Ndoo, fagio, rimu ya karatasi, nikanung'unika lakini nikanunua. Halafu nikakuta: tishu roli 10. Nikamuuliza mke wangu, mtoto mwenye urefu wa sentimita 96 (nilimpima mwenyewe nikimshonea sare) anafanyia nini roli 10? Chini yake wameandika: leso 6, ziwe na jina, zibanwe kifuani kwa pini. Hapo nikafurahi, maana mabaki ya vitambaa ninayo gunia zima. Nikamshonea 12. Nikazidarizi MAZENGO kwa uzi wa bluu, kila moja na ua lake pembeni. Nilijisikia baba kwelikweli.

Jumatatu ya kwanza alilia getini. Jumatatu ya pili hakulia, alipiga chafya.

Akarudi nyumbani siku hiyo na leso kifuani. Naitazama, si yangu. Imeandikwa jina la mtoto mwingine, na imelowa. Leso yangu yenye ua ilikuwa imeshakwenda nyumba nyingine kabisa, sijui Kisasa, sijui Nkuhungu. Kumbe pale darasani leso hazina mwenyewe. Zinazunguka kama upatu, kila siku mmoja anapokea.

Basi ugonjwa ukiingia nyumbani kwangu una ratiba kuliko treni ya mwendokasi. Jumanne mtoto. Alhamisi mama yake. Ijumaa mdogo wangu anayelala sebuleni. Jumapili mimi. Na hapo Jumapili, mimi nimejikunja kwenye kanga ya mke wangu naagiza wosia, mtoto aliyetuletea yuko juu ya kochi, kamasi zinachuruzika mpaka mdomoni, anaruka na kuimba herufi. Mtoto akiugua mafua anapanda kabati. Baba akiugua mafua hata kitanda anakipanda kwa kushikwa mkono.

Mwanzoni nililaumu vumbi. Hapa Dodoma ukikohoa, vumbi. Ukichelewa kazini, vumbi. Nina hakika kuna mwanaume amewahi kumwambia mkewe kwamba ile rangi kwenye kola ya shati ni vumbi. Nikanunua mapazia mazito, nikaziba chini ya mlango kwa matambara, nyumba ikawa tanuri la mkaa, na mafua yakaja vilevile, tena safari hii na sikio. Mtoto analia usiku kucha ameshika sikio, asubuhi tukaenda zahanati.

Daktari ni dada mmoja, umri mdogo, sauti ya mwalimu mkuu. Akampima malaria kwa kile kipimo cha tone la damu, hakuna. Mimi nikamwambia, daktari, basi itakuwa yutiai, maana mtaani kwetu kama si malaria ni yutiai, hatujui ugonjwa wa tatu. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeleta mita moja na nusu anataka suti. Akamulika masikio, akasema la kushoto limewaka. Nikauliza, mafua ya pua yamefikaje sikioni? Akasema kuna kijinjia kinachounganisha nyuma ya pua na sikio. Kwa mtu mzima kimeinama, maji yanashuka. Kwa mtoto ni kifupi na kimelala karibu usawa, kwa hiyo uchafu ukifika unakaa.

Nikasema sawa, lakini daktari, huyu mtoto ana kasoro gani? Hii ni mara ya nne toka Januari. Akacheka! Akasema mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida, na wanaoanza chekechea wengine hufika hata 12. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 100. Mwili ukimshinda mmoja, unamkumbuka huyo huyo, mwingine akija ni mgeni.

"Kinga, baba Mazengo, ni nguo ya kupima," akaniambia. "Si mtumba."

Hapo alinipata, lazima niseme ukweli. Lakini mimi mtu wa vipimo nikapiga hesabu palepale kitini. Mara 8, kila mara siku 10, ni siku 80. Kalenda ya masomo ina siku 194. Yaani nalipa ada ya mwaka mzima, na kipande kikubwa cha mwaka huo mtoto yuko nyumbani anapiga chafya kwenye vitambaa vya wateja. Daktari akanifariji eti watoto wanaougua sana chekechea huwa na nafuu wakifika shule ya msingi, kwa sababu mwili umeshafahamiana na wengi. Sawa. Kumbe mafua ya mtoto mimi nayalipa kwa mkupuo, wenzangu watayalipa kwa awamu kama kiwanja.

Dawa aliyonipa ilikuwa ya sikio na ya kushusha homa. Kwa mafua yenyewe akasema maji, supu, apumzike, na nimwoshe mikono. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea! Mimi nimeacha cherehani, nimepanda bajaji, nimekaa foleni saa mbili, naambiwa sabuni! Nikamwambia niandikie antibiotiki kwa ajili ya mafua yajayo nikae nazo nyumbani, maana yanakuja, nayajua. Akakataa. Akasema antibiotiki inaua bakteria, virusi haiwagusi, na ukiizoesha ovyo siku ukiihitaji inakukana. Akaniambia nikimbie kwake kama mtoto anahema mbiombio, au mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi, au amekataa hata kunywa, au degedege. Mengine nivumilie. Hilo neno la kuvumilia lingekuwa linauzwa, ningeshakuwa na ghorofa Ilazo.

Ushauri wa bure sasa ndio mwingi. Jirani mmoja, mama wa watu, hana ubaya, akaja kusikiliza kikohozi dirishani kama anasikiliza taarifa ya habari. Akasema, "Baba Mazengo, huyo ni kimeo. Kimerefuka, kinamtekenya koo. Kuna mzee anakata, dakika moja tu." Mwili ukanisisimka. Mimi nashika mkasi kila siku ya Mungu, najua mkasi unavyokosea hata kwenye kitambaa kisichotikisika, sembuse kwenye koo la mtoto anayepiga mateke! Nilimuuliza yule daktari, na siku hiyo hakucheka. Alisema kimeo hakileti kikohozi, ila kukikata kunaleta damu isiyokatika na vijidudu vya hicho kisu, na wapo watoto waliokufa. Basi. Kimeo ninachokijua mimi ni hiyo cherehani ya umeme hapo, na hata hiyo naipeleka kwa fundi mwenye cheti.

Baada ya kimeo akaja mama mkwe. Alishuka na basi la Mvumi amebeba mlenda, ubuyu na majani ya mwarobaini kiasi cha kutibu mkoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Mmemfanya nini mtemi wangu?"

Akasema wao walilea watoto tisa bila chekechea, walicheza na mbuzi, hakuna aliyekohoa. Mke wangu akanikanyaga mguu nisijibu. Akamnywesha mtoto uji wa ubuyu, akambeba mgongoni kutwa, akafutwa makamasi begani kutwa. Siku ya nne bibi akapiga chafya. Ya tano akasema hali ya hewa ya mjini haimfai, akarudi kwake. Wiki iliyofuata simu inaita: "Mkwe, huku nyumba nzima inakohoa, na jirani zetu wote." Nikamwambia mke wangu, unaona, Mazengo ameirudisha himaya yake bila hata kupiga ngoma.

Unadhani nani anaanzisha haya mambo shuleni? Kwenye grupu la wazazi kila asubuhi: "Habari wazazi, wa kwangu hatakuja leo, ana kahoma kidogo." Zinafuata pole 17 na mikono ya maombi. Huyo ni mstaarabu, anajitangaza. Mbaya ni yule anayempa mtoto dawa ya kushusha homa saa kumi na mbili asubuhi, anamvalisha sare, anamkabidhi kwa mwalimu anacheka kama hajawahi kuugua, halafu saa nne dawa inakwisha nguvu, mtoto anachemka darasani baada ya kushika vikombe vya wenzake wote. Mzazi wa namna hiyo angechapwa viboko hadharani pale Nyerere Square.

Mimi nimefanya hivyo mara mbili. Usinitazame hivyo. Nilikuwa na sare 30 za kwaya za kukabidhi Jumamosi, mke wangu yuko zamu, ningemwacha na nani? Na mwalimu aliponipigia simu saa nne na robo nilishangaa kwa sauti kubwa, "Homa? Ameondoka mzima kabisa hapa!" Sauti yangu ilikuwa safi hata mimi nilijiamini.

Kuhara sikuelezi, umekuja na nguo nyeupe. Tulikunywa ORS, mtoto akamaliza vidonge vyake vya zinki, tukafua mashuka, yakaisha. Macho mekundu pia yalipita, wiki nzima familia yangu tulitazamana kama wavuta bangi. Mimi nilidhani Juni ikifika likizo itatuokoa. Na kweli, wiki tatu za likizo mtoto hakupiga hata chafya, akanenepa, nikasahau. Shule zikafunguliwa Julai, na ule upepo wetu wa baridi wa asubuhi unaokata masikio. Madirisha ya darasa yamefungwa yote ili watoto wasipate baridi, wamekaa humo 28 wanapumuliana kama vifaranga kwenye boksi.

Hapo ndipo lilipokuja lenyewe. Nikimwogesha mtoto Jumapili nikaona vipele viwili tumboni, vina maji. Jumatatu vilikuwa shamba. Tetekuwanga. Akajikuna siku tatu, akalala siku mbili, wiki moja na nusu vigaga vimekauka amerudi shule anaringa. Nikasema tumevuka. Mke wangu akaniuliza, "Wewe uliugua ulipokuwa mdogo?" Nikampigia mama yangu. Mama akafikiri, akasema aliyeugua ni kaka yako.

Kumbe tetekuwanga haina haraka, inakaa mwilini kama siku 10 hadi 21 ndipo itokee. Mimi ilinitokea siku ya 15, na mtu mzima inampiga kuliko mtoto. Kichwa, mgongo, homa, halafu vipele: kichwani, mgongoni, ndani ya mdomo, na mahali pengine ambapo fundi anayekaa kwenye stuli kutwa anapahitaji sana. Daktari wangu akaniambia nisitoke mpaka vigaga vikauke vyote, na nikae mbali kabisa na wajawazito. Na nilikuwa nimemwahidi mteja mmoja mjamzito gauni lake siku ileile! Nikampigia simu, akadhani ni kisingizio cha fundi. Miaka 16 nasingizia umeme umekatika naaminiwa, siku niliyosema ukweli sikuaminiwa.

Mke wangu akanipaka losheni ya kalamini, ile ya pinki, tone juu ya kila kipele. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati: chui wa pinki, amenyoa upara. Mdogo wangu akanipiga picha. Picha hiyo ipo, na najua ipo kwenye simu ya nani.

Alasiri nikiwa nimelala, mtemi akarudi shule. Akasimama mlangoni na begi lake, akanitazama muda mrefu, anahesabu. Alifika 20, ndipo hesabu zao zinapoishia, akaanza upya. Halafu akasogea, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kama anavyofanya mama yake, akasema, "Baba, pole. Kesho huendi shule." Akafungua pini kifuani mwake, akahangaika nayo ulimi nje, akanibania leso yake kwenye fulana.

Machozi yalinilenga, sikufichi. Nikaishika ile leso nijifute. Ilikuwa imelowa tepetepe, na jina halikuwa letu.