Dirisha Kubwa Si Lazima Liwe Dirisha la Hewa

Wanaojenga katika maeneo ya joto hugawanyika pande mbili kuhusu madirisha: wapo wanaoyataka makubwa kadiri ukuta unavyoruhusu, wakiamini kwamba hewa nyingi ndiyo dawa ya joto, na wapo wanaoyataka madogo ili jua lisiingie. Kila upande una ukweli wake, ila naona wote wameanza na kipimo kisicho sahihi, yaani ukubwa wa kioo.

Chukua dirisha la kusukuma la vioo viwili, lenye upana wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 120. Kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo sehemu inayofunguka haizidi mita za mraba 0.9, na wavu wa mbu hupunguza tena upepo unaopita. Dirisha la bawaba lenye kimo hichohicho na upana wa sentimita 100 hufunguka karibu lote, takriban mita za mraba 1.2. Dogo ndilo linalopitisha hewa zaidi, na jua linaloingia ni pungufu. (La kusukuma halibamizwi na upepo wala halizuii njia, na hizo si sifa za kubezwa.)

Kuhusu jua, wanaotaka madogo wana hoja nzito. Miale ikishapenya kioo hugeuka joto sakafuni na kwenye samani, na pazia la ndani huizuia ikiwa tayari imeingia; kivuli cha nje ndicho kinachofaa. Hata hivyo, kenopi, yaani kipaa kidogo kinachochomoza juu ya dirisha, haifui dafu upande wa mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, na huko ningekubali dirisha dogo bila ubishi.

Hali ya hewa nayo huamua. Penye joto lenye unyevu, mwili hupoa kwa upepo unaokausha jasho, hivyo madirisha yaachwe wazi mchana na usiku. Penye joto kavu, hewa ya mchana inayozidi nyuzi 35 huongeza joto ndani, na ni afadhali kufunga hadi usiku upoe.

Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje hakisaidiwi sana na dirisha moja pana, kwa sababu hewa inayoingia haina pa kutokea. Hapo ningeweka matundu mawili yaliyoachana, moja chini na jingine karibu na dari, ili hewa ya moto ipandayo itoke juu na ya baridi iingie chini.