Kopo la Avery na Kanzu ya Mshenga

Kwenye injini ya mvuke, pistoni, yaani kile kizibo kinachosukumwa na mvuke, inakwenda, inasimama, inarudi. Mafundi wengi wa karne ya 19 waliamini kwamba kila ikisimama nguvu inapotea bure (si kweli, lakini nenda kawaambie), wakahangaika kutafuta injini ambayo mvuke wake utazungusha mhimili moja kwa moja. Tatizo lao sugu lilikuwa kuvuja. Pistoni ya mviringo unaivisha pete, mambo yameisha. Kwenye vyumba vyenye pembe vya hizo injini za kuzunguka, mvuke hupenya tu.

William Avery wa Syracuse, New York, akaona ya nini kuhangaika na pistoni. Injini yake ya mwaka 1831 ilikuwa mikono miwili yenye uwazi ndani: mvuke unaingia katikati, unafyatuka kwenye vitundu vya ncha vilivyoelekea pande tofauti, mikono inazunguka. Ilipiga kelele kwelikweli, na ilipasua mbao.

Sasa mimi nina kopo la maziwa ya unga, vipande viwili vya bomba la friji, na fundi vibatari mtaa wa pili wa kunilehemia. Nani atanizuia?

Siku ya posa ya dada, uani kulibaki jiko moja lenye moto. Nikalining'iniza kopo juu yake kwa waya. Likaanza polepole, shii, shii, kisha likashika kasi na kupiga mluzi hadi kuku wakahama.

"We mtoto, ondoa hilo jini!" Shangazi alifoka, upepeo mkononi.

"Linapoa sasa hivi, shangazi."

Maji yalipokaribia kwisha, lehemu ikalainika. Mrija mmoja ukachomoka, ukatua kwenye kachumbari. Kopo likabaki na upande mmoja unaosukuma, likawa linapepesuka kama mlevi huku likitema maji ya kutu. Wakati huohuo mshenga akatokea, anatafuta choo. Kanzu nyeupe, mpya.

Akajitazama kifuani.

"Bwana mdogo, hii ni nini?"

"Shikamoo mzee. Injini."

"Ya kufanyia nini?"

"Kupasulia mbao."

Akaangaza uani kote. "Mbao ziko wapi?"

Shangazi, aliyekuwa akiopoa mrija kwenye kachumbari, alinijibia, ila maneno yake hayaandikiki. Mshenga aliporudi barazani alitaja mahari pungufu ya yale tuliyoafikiana, na mjomba, akiikodolea macho ile kanzu, akasema sawa.